Babu alitutuma tumtazamie Lushoto

"Kesho mkishuka mjini mnitazamie," babu aliwaambia wajukuu zake. "Jioni mtanipa habari."

Tulikuwa tumekaa jikoni kwa wifi yangu, katika kijiji kilicho juu kidogo ya mji wa Lushoto. Ilikuwa mwanzoni mwa likizo ya Juni, na mtu wa Dar es Salaam hawezi kuijua baridi ya Juni ya milima ya Usambara mpaka imtafune vidole. Binti yangu, aliye kidato cha kwanza, alikuwa amevaa sweta mbili. Mdogo wake wa darasa la nne alikuwa amejibanza kwa babu yake kama kifaranga.

Baba mkwe wangu ana miaka 81. Alizaliwa hapa, akaondoka akiwa kijana kwenda kutafuta maisha, akawa anarudi kila mwaka mpaka presha ya macho ilipomzuia. Ugonjwa huo huiba kimyakimya. Huanza kula pembeni, mwenyewe unadhani unaona vizuri, mpaka siku unapogonga fremu ya mlango ulio wazi. Sasa ni mwaka wa nne haoni kabisa. Alichoomba likizo hii ni kitu kimoja tu: arudishwe Lushoto, akae kwa binti yake, asikie Kishambaa kikisemwa asubuhi.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimeolewa katika familia hii miaka 16, na nilikuwa nimefika Lushoto mara tatu, zote kwa msiba. Nilifika usiku, nikapika, nikalia, nikaondoka alfajiri. Mji wenyewe sikuwahi kuutembea. Watoto wangu ndiyo kabisa. Wakiulizwa shuleni kabila lao, wanajibu "Msambaa" kama mtu anayetaja namba ya simu ya jirani.

Kwa hiyo babu alipotoa orodha yake, tuliinyamazia kidogo. Alitaka habari za vitu vinne: majengo ya boma, soko, kijito kinachopita mjini, na ukingo wa Irente. "Magari muache," alisema. "Mji huu hauonekani ukiwa ndani ya gari."

Mume wangu angebaki na baba yake. Mimi na watoto tungetembea.

Kona za kutoka Mombo

Ningepaswa kujua mapema ni habari za namna gani babu alikuwa akizitaka, maana alikuwa ameshatuonyesha ndani ya basi.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Moshi na Arusha, unaiacha lami kubwa pale Mombo na kuanza kupanda kwenda Lushoto, kama kilomita 33. Mombo ni joto, vumbi na mashamba ya mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kwa miaka mingi hapo ndipo wageni wa milimani waliposhukia ili waanze safari ya kupanda. Barabara inajikunja ukutani mwa mlima, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine. Watoto wangu walikuwa madirishani, simu juu, wakipiga picha.

Babu alikuwa amekaa kimya, mikono juu ya fimbo. Mara akasema, "Sasa tumeacha joto." Kweli, dakika chache baadaye wifi yangu wa pili alivuta dirisha. Halafu tena, "Hapa tunakaribia Soni." Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa maporomoko ya maji, yale yaliyo karibu na barabara. Kijana wangu aliangalia maporomoko, akamwangalia babu, akaangalia maporomoko tena.

Sikulitilia maanani. Nilikuwa nashughulika na mifuko ya kutapikia.

Wenzetu wa safari

Asubuhi tulishuka mjini saa mbili. Tulikuwa tumepanga kutembea na kijana mmoja anayeongoza wageni, mtoto wa Lushoto, anayejua kila njia ya mguu. Kwa kuwa kiongozi mmoja anaweza kuchukua kundi, tulijikuta tuko tisa. Alikuwepo mama mmoja wa Morogoro na wanawe wawili wa kiume, ambao tulipanda nao basi moja na watoto wetu walishagawana biskuti. Walikuwepo pia mzee wa Kijerumani na mkewe, wote wastaafu, kutoka mji wa Bielefeld. Mzee alikuwa na fimbo mbili za kupandia mlima. Mkewe alikuwa na Kiswahili cha kitabuni alichokitamka polepole na kwa adabu kubwa: "Shikamoo mama." Nikamwambia mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia yeye. Tukacheka, na safari ikaanza.

Kiongozi wetu alitoa sheria moja ambayo tangu siku ile nimeihamishia nyumbani kwangu: anayetembea mbele ni mdogo kuliko wote. Mtoto wa mwisho wa mama wa Morogoro, wa miaka sita, akawekwa mbele. Watu wazima wote tukawa nyuma yake. Akisimama kuangalia mjusi, tunasimama. Akichoka, tumechoka.

Mzazi mwenzangu, jaribu sheria hii hata ukienda sokoni. Kelele za "twende, twende, mnatuchelewesha" ziliisha zenyewe.

Mji uliopewa jina la mfalme wa mbali

Lushoto umekaa bondeni, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na milima imeuzunguka kama watu waliozunguka chungu. Kuna barabara kuu moja yenye miti mirefu, na paa nyingine ukiziangalia unadhani umefungua kalenda ya Ulaya. Hilo halikutokea kwa bahati. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Joto na malaria za pwani ziliwashinda, wakapanda huku kutafuta hewa ya kwao. Magavana walikuja hapa kukimbia jua la Dar es Salaam. Walowezi walifungua mashamba, wakajenga nyumba zenye kuta nene.

Tulisimama mbele ya majengo ya serikali ya wilaya, mengine yakiwa ya tangu enzi hizo. Binti yangu akapiga picha kumi na kitu. Bibi wa Bielefeld akasema mawe ya msingi yalivyopangwa yanamkumbusha mji aliozaliwa. Kwao pia, alisema, wageni hutembezwa kwa miguu mitaa ya zamani, na kiongozi husimama mbele ya kila jengo na kutaja mwaka na jina la tajiri aliyelijenga.

Hapo ndipo mwanangu wa darasa la nne alipouliza swali lake. "Na mawe nani aliyabeba?"

Kiongozi alimwangalia kidogo, kama anayepima umri wake, kisha akamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima. Alisema huku Usambara Wajerumani waliweka utaratibu wa kadi. Mwanaume mwenye nguvu alipewa kadi, na alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza siku zake alichukuliwa kwenda kwenye kazi za serikali. "Kwa hiyo ukiona barabara, ukiona ukuta," alisema, "jua kuna babu wa mtu hapo."

Binti yangu alimtafsiria bibi yule kwa Kiingereza. Yule mama hakutafuta la kujitetea. Alivua glavu, akaweka kiganja kwenye ukuta, akakaa hivyo kwa muda. Mumewe akasema kwao wanajifunza mambo haya kwa kuchelewa. Watoto wa Morogoro nao wakaja kuugusa ukuta, kwa kuwa walimwona mtu mzima akiugusa.

Kiongozi alitueleza pia kwamba nchi hii ilikuwa na mji wake mkuu kabla ya Wilhelmstal kuwepo. Mji huo ni Vugha, upande wa Soni, makao ya watawala wa Kilindi. Masimulizi ya Washambaa yanasema ukoo huo ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, aliyewashinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na mwishowe akapewa nchi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda milima hii mwaka 1848 alikuta mfalme Kimweri ye Nyumbai anatawala kuanzia milimani hadi karibu na bahari. Hata neno Usambara ni Shambaai, nchi ya Washambaa, lililopinda katika midomo ya wageni.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, na Wilhelmstal likabaki jina la kwenye ramani za zamani. Lushoto likarudi mahali pake. "Jina la mfalme lilikaa miaka michache," kiongozi alisema. "La kwetu linaendelea."

Sokoni walisema nini?

Bahati tuliikuta siku ya soko. Ukitaka kujua kwa nini kabichi na karoti za Dar es Salaam hazikatiki, nenda ukasimame Lushoto siku hiyo. Mafungu ya viazi mviringo, pilipili hoho, njegere, vitunguu vya majani. Matunda ambayo watoto wa pwani wanayajua kwa bei ya supamaketi tu: mapeasi, plamu, matunda damu. Akina mama wameshuka na mizigo kichwani tangu alfajiri, kwa njia ambazo mimi nisiye na mzigo nilihema kuzipanda.

Kiongozi alikuwa ametufundisha salamu ya asubuhi, "Onga maundo," na akatuonya kwamba tukiitamka vibaya watacheka, tukinyamaza watahuzunika. Mwanangu aliitamka kwa mama mmoja muuza plamu. Mama yule akacheka mpaka akashika kiuno, akamwita mwenzake, naye akaja kucheka. Wakasema maneno mengi kwa Kishambaa wakimwonyesha binti yangu kwa kidevu. Binti yangu, ambaye kwa damu ni mtu wa hapo, alisimama katikati ya bibi zake akiwa hajui kama anasifiwa au anasengenywa.

Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, wanasema nini?"

Sikujua. Nilinunua plamu kilo mbili, tukaongezewa nyingine tano za bure, tukaendelea na safari. Lakini nilimwona amenywea. Kwa mara ya kwanza siku ile alirudisha simu mfukoni bila kuambiwa.

Ua la dirishani

Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita 6. Kwa gari ni muda mfupi tu. Kwa mwendo wa mtoto wa miaka sita ni saa mbili na nusu, na hakuna dakika niliyojutia. Njia inapita kati ya nyumba na mashamba. Mikaratusi inanukia kama dawa ya kifua. Kila kipande cha mteremko kimelimwa, mahindi juu, maharage chini yake, migomba pembeni ya maji. Watoto wa njiani wanatusalimia, wanatufuata hadi kona, wanarudi.

Kiongozi akatusimulia habari ya ua. Kwenye vivuli vya misitu ya Usambara kuna ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitabuni na kulipa jina la ukoo wa ofisa huyo. Toka hapo likasambaa duniani, likawa ua la kwenye chungu, la kupamba madirisha ya watu walio mbali kabisa na Tanga.

Bibi wa Bielefeld akasimama katikati ya njia. Akamwambia mumewe jambo kwa Kijerumani, kisha akatueleza. Kwa lugha yao ua hilo linaitwa urujuani wa Usambara. Mama yake alikuwa nalo dirishani jikoni, na yeye analo mpaka leo. "Tangu mtoto nilikuwa nalitaja jina hilo," alisema. "Usambara, Usambara. Nilidhani ni jina la ua tu."

Mama wa Morogoro akamwambia, "Basi karibu nyumbani kwa ua lako." Nadhani ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote zilizosemwa siku ile.

Mzee naye akaongeza lake. Kwao Bielefeld kuna mtaa unaoitwa Bethel, na misheni iliyobeba jina hilo ndiyo iliyofanya kazi milima hii. Wamisionari hao walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na baadaye kukawa na mtambo wa kuchapa vitabu Vuga. Utotoni alikuwa akisikia kanisani michango ikikusanywa kwa ajili ya Afrika. Alitaka kuona kwa macho ilikwenda wapi.

Vijana watatu njiani

Irente kuna shule ya watoto wasioona iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri. Nilikuwa nimeisikia, sikuwa na mpango wowote nayo. Lakini njiani tulikutana na vijana watatu wanaosoma hapo, wameshikana mabega, wanatembea haraka kuliko sisi.

Walitusikia kabla hatujawaita. Wakasimama, wakatuamkia, kisha mmoja akasema, "Mko wengi, na kuna mtu ana fimbo mbili za chuma." Mzee wa Kijerumani akacheka, akazigonganisha.

Mwanangu, ambaye haya hana, akamuuliza anajuaje njia. Yule kijana hakukasirika. Akamweleza kama fundi anavyomweleza mwanafunzi. Hapa chini ya mikaratusi hewa ni baridi na majani yanalia chini ya miguu. Ukisikia miguu imenyamaza, umetoka kwenye majani, umefika kwenye udongo wa njia kubwa. Kuku wa nyumba fulani wako kushoto. Upepo ukikupiga uso mzima, umekaribia ukingo, punguza mwendo.

Wakaenda zao. Mwanangu akabaki amesimama. Kisha akamgeukia dada yake na kumwambia jambo ambalo mimi, mama mtu, sikuwa nimelifikiria asubuhi nzima.

"Dada, babu picha atazionaje?"

Simu ya binti yangu ilikuwa na picha zaidi ya mia moja. Mji mzima tulikuwa tumeukusanya kwa jicho, kwa ajili ya mtu asiyeona. Sikuwa na la kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza: "Piga na hilo jengo, babu atafurahi."

Binti yangu alifikiri kidogo, akaitoa simu, akafungua kinasa sauti.

Ukingoni

Irente mlima unakatika ghafla. Mbele yako hakuna kitu, na karibu mita 1,000 chini umetandazwa uwanda wa Mombo na Mazinde: mistari ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na nchi kavu inayoendelea mpaka macho yanakata tamaa. Mkonge wenyewe nao ni mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Tuliwashika watoto mikono, kila mtu mzima na wake, maana ule si ukingo wa kuchezea. Kisha kiongozi akatuomba tufumbe macho.

Upepo ulikuja kwanza, unapanda kutoka chini, na ulikuwa wa moto. Sikuwa nimeuhisi nilipokuwa nikiangalia. Halafu kengele ya ng'ombe au mbuzi, mbali kulia. Halafu lori, chini kabisa, likibadilisha gia. Mtoto wa Morogoro akasema kwa mshangao, "Nasikia mbwa wa kule chini!" Kweli, mbwa alibweka kilomita kadhaa kutoka tulipo, na sauti yake ikatufikia kama ya mbwa wa jirani.

Binti yangu alikuwa ameinua simu, ananasa, na kwa mkono mwingine amemshika mdogo wake.

Kwenye shamba la Irente tulikula mkate mweusi wa rai, jibini na jamu, vyote vya hapo hapo. Mwanangu aliikataa jibini, akaila, akaomba nyingine. Kipande cha mkate tulikifunga kwenye kitambaa.

Kurudi, wengine walipanda bodaboda. Sisi tulirudi kwa miguu, kwa sababu watoto walisema hatujamaliza. Tulisimama kwenye kijito dakika kumi. Tulipita tena sokoni, kwa yule mama wa plamu, na binti yangu akamwomba ruhusa anase sauti kwa ajili ya babu yake asiyeona. Mama yule akasema sawa, kisha akaongea na mwenzake kama mwanzo, kwa kicheko kilekile.

Habari za jioni

Babu alikuwa anasubiri. Alikuwa ameshaswali, amekunywa uji, amevaa kofia yake nzuri.

Mwanangu alianza na boma. Alisema ukuta ni wa mawe, unafika mpaka hapa (akaushika mkono wa babu na kuupandisha), na ni baridi hata jua likiwaka. Babu akatikisa kichwa. Akasema baba yake alikuwa na kadi. Mume wangu, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kisu. Hakuwahi kusikia hilo. Miaka 45 ya kuishi na baba yake, hakuwahi kusikia.

Kisha binti yangu akacheza sauti ya kijito. Babu alisikiliza, akauliza, "Mlisimama upande wa chini?" Wakatazamana. Hawakuwa na hakika. "Kesho muangalie vizuri," alisema. "Upande wa juu kinalia zaidi."

Wakamwekea upepo wa Irente. Wakampa mkate, akaunusa kabla ya kuula. Wakampa plamu.

Mwisho wakacheza sauti ya sokoni. Babu alisikiliza sentensi mbili, akaanza kucheka, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Wifi yangu alikuwa ameshaegemea mlango kwa kicheko.

"Babu, wanasema nini?" binti yangu akauliza kwa mara ya pili siku ile, safari hii kwa mtu anayejua.

"Wanasema, mtazame huyu binti, uso wa kwetu kabisa, lakini amevaa sweta mbili kama mgeni. Wanasema, anaonekana ni mtoto mwenye adabu, huenda ni wa ukoo fulani." Na akautaja ukoo. Ulikuwa wetu.

Binti yangu aliomba icheze tena. Ikachezwa mara nne. Mara ya nne babu alisema neno mojamoja, naye akalirudia mojamoja, mpaka usingizi ulipomchukua mdogo wake.

Ukitaka kwenda na watoto

Juni hadi Agosti beba makoti na soksi, baridi ni ya kweli. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na njia zinateleza. Viatu viwe vilivyozoea miguu, visiwe vipya. Tembeeni na kiongozi wa hapo, na kubalianeni malipo kabla ya kuanza. Wenye nguvu wanaweza kupanda msitu wa hifadhi wa Magamba kuona mbega, au kulala Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya milima. Kwenye kingo zote mtoto ashikwe mkono.

Na jambo lisilo la utalii: presha ya macho hutembea ndani ya ukoo, na uono ukishapotea haurudi. Kama mzazi wako anayo, kapime mapema. Mume wangu alipima mwezi uliofuata.

Asubuhi ya pili tulikuta viatu vya babu mlangoni. Alisema anataka kwenda nao, si mbali, mpaka kwenye kona ya barabara. Kiongozi wetu hakuwepo, lakini sheria yake ilikuwepo. Mwanangu alikaa mbele, babu akaweka mkono begani kwake, dada mtu akafuata, na sisi wazazi nyuma kabisa. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kwenye kona, kwa sababu kila tulipokutana na mtu, babu alimtambua kwa salamu, na ilibidi tusimame.